Mjadala: Priti Patel aliisaliti asili yake, au tunamshitaki kwa kosa lisilo lake?

Wakuu, jina la Priti Patel likitajwa hapa Afrika Mashariki, neno linalofuata ni "msaliti". Wazazi wake ni Waasia wa Uganda wenye asili ya Gujarat, India, waliohamia Uingereza miaka ya 1960, wakaanza maisha kwa maduka ya magazeti. Binti yao akawa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza kwa chama cha Conservative, Julai 2019 hadi Septemba 2022, akaanza kuwafungia wengine mlango. Mimi shitaka hilo silikubali, na si kwa kumpenda mama huyu.

Kwanza, tuache kusema familia yake ilifukuzwa na Idi Amin. Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Agosti 1972. Priti alikuwa ameshazaliwa London tangu Machi.

Pili, mwaka 2020 alikuja na mfumo wa pointi kwa wanaotaka kuhamia Uingereza: uwe na kazi ya kwenda kufanya, ujue Kiingereza, ufikishe pointi 70. Redioni akaulizwa, je, wazazi wako wangepita hapo? Akakiri kwamba huenda wasingepita. Watu walimcheka, lakini mimi naona hakuwahi kutoa jibu la kweli zaidi ya hilo.

Shida yangu naye ni kazi yenyewe. Kwa maneno alikuwa mkali, lakini mlango ulikuwa wazi. Februari 2022, chini ya wizara yake, viza ya kazi ilifunguliwa kwa watunza wazee na wagonjwa, na watu wakamiminika kutoka India, Nigeria na Zimbabwe. Kufikia mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia Uingereza waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya watu 900,000. Yeye alikuwa ameshaondoka, ila mlango aliuacha hivyo hivyo.

Kwa ajili ya kamera, ikabaki Rwanda. Aprili 2022 alisaini mkataba Kigali: wanaovuka kwa boti kutoka Ufaransa wapelekwe Rwanda, maombi yao yasikilizwe huko huko. Usiku wa Juni 14 ndege ilikuwa tayari uwanjani. Orodha ilikuwa imepukutika siku nzima, jina baada ya jina, mpaka wakabaki 7. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaingilia kati, abiria wakashushwa, ndege ikabaki chini. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema mpango ni haramu, kwa kuwa kulikuwa na hatari ya wakimbizi kurudishwa walikokimbia. Hapo ndipo pa kumbana. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umemwachia kirahisi mno. Asili hatukuileta sisi, aliileta yeye. Juni 2020 Bungeni, alipobanwa kuhusu ubaguzi wa rangi, alisimulia jinsi alivyokuwa akitukanwa shuleni kwa sababu ya rangi yake. Huwezi kuitumia historia ya familia kama ngao, halafu tukiishika sisi useme hayawahusu. Aliyepanda ngazi akaivuta juu tumwiteje?

Mchangiaji wa pili: Mnabishana London, mnasahau Kigali. Rwanda ililipwa pauni milioni 290, ikaandaa na hosteli. Mpaka serikali ya chama cha Labour inaufuta mpango Julai 2024, waliokwenda walikuwa wanne, tena kwa hiari yao! Waingereza walipouliza habari ya fedha, Kigali ikajibu kwamba mkataba hauidai kurudisha. Kwa biashara hiyo nani alimzidi mwenzake akili? Mimi Patel simwiti msaliti wala shujaa, namwita mteja mzuri.

Mleta mada: Mkuu wa pili, umenichekesha, lakini kwenye hiyo hosteli walikuwa walale binadamu. Tusiifanye hesabu tupu.

Ndugu yangu wa kwanza, hoja ya ngao nimeipokea, hapo umenipata. Ila ngazi inanipa shida. Novemba 2017, akiwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, aliitwa haraka akiwa Nairobi kwa sababu ya mikutano aliyofanya Israel bila idhini. Maelfu ya watu waliifuatilia ndege yake mtandaoni hadi ikatua London, akajiuzulu siku hiyo hiyo. Haikufika miaka miwili, karudi kwenye wizara kubwa zaidi. Novemba 2020 uchunguzi ukaona tabia yake kwa watumishi ilivunja kanuni za mawaziri. Waziri Mkuu Boris Johnson akamkingia kifua, na aliyejiuzulu ni Alex Allan, mshauri aliyefanya uchunguzi! Novemba 2024 akateuliwa waziri kivuli wa mambo ya nje upande wa upinzani. Haya yote hayahusiani na Gujarat wala Kampala. Ni siasa za chama kumlinda mtu wake.

Na kama ni kufunga milango, mwaka 1968 Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walizuiwa kuingia kwa sheria iliyopitishwa Bungeni kwa siku tatu. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa James Callaghan, Mwingereza wa Portsmouth, wa Labour. Yeye utamwita msaliti wa nani?