MJADALA: Baiskeli Tabora, nani hasa anaimudu?

Mwana Ipuli: Wakuu habari za saa hizi. Juzi kwenye kikao cha mtaa kiongozi mmoja kasema asiyeweza boda anunue baiskeli, ndo usafiri wa watu wa kipato cha chini, watu wakapiga makofi. Mi nabisha. Boda kwenda sokoni buku, kurudi buku, siku sita za wiki hiyo ni elfu kumi na mbili, kwa mwaka inapita laki sita. Baiskeli mpya ya Phoenix ni kama laki mbili na nusu. Kwa hesabu hiyo baiskeli imeshashinda, lakini dada anayesuka nywele pale sokoni anapata hela ya siku, buku mbili haikosi ila laki mbili na nusu ya mkupuo ataitoa wapi? Kwa hiyo asiye nacho ndo anaishia kulipa zaidi.

Boda Isevya: Acha hizo mkuu. Huyo dada ana simu ya tachi bei kuliko hiyo baiskeli. Simu kanunuaje? Ni vipaumbele tu.

Mwana Ipuli: Simu kakopeshwa, analipa kidogo kidogo kila siku na akichelewa inajifunga. We mwenyewe pikipiki yako ni ya mkataba, unapeleka hesabu kwa bosi mpaka iwe yako. Kitu cha milioni kinakopesheka, baiskeli ya laki mbili na nusu wanataka keshi, hebu nielezee hilo.

Fundi Keria: Na kununua sio mwisho jamani. Nina wateja wanaleta tyubu ina viraka mpaka nakosa pa kubandika, nikimwambia nunua mpya anasema fundi weka kimoja tena, anatoa jero, kesho kutwa yuko hapa tena na miba nyingine. Hizo jero akizijumlisha ni tyubu nzima. Gololi ndo usiseme, wanasubiri mpaka haabu, yaani kile kitovu cha gurudumu, iliwe kabisa, na mchanga wetu huu unavyoingia.

Ticha wa Nzega: Mbona mnaongelea hela tu? Mimi hela ya baiskeli ninayo. Lakini mwenye mshahara akionekana anapiga pedeli mjini watu wanaanza kunong'ona labda wale wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, wamembana. Na wale wanaoshuka na mkaa toka njia ya Sikonge, magunia yamewazidi urefu, mlima wanaisukuma, hao hawajaichagua baiskeli. Anayeweza hataki, na anayetaka hana.

Mama Nyanya: Nimekulia Urambo, baiskeli najua toka mtoto. Hapa mjini nikipanda na gauni nazomewa na boda haohao. Hilo nalo mliweke.

Bwana Takwimu: Hata walioendelea inawashinda. Uingereza tangu 1999 wana mpango mwajiri anakupatia baiskeli, unakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Mwenye mshahara mnene ndo anaokoa kodi kubwa, wa kima cha chini anakosa kwa sababu makato hayaruhusiwi kumshusha chini ya hicho kima, na aliyejiajiri hayumo kabisa. Yaani dada wa kusuka hata London asingepata, nimecheka kidogo. Bihar kule India mwaka 2006 serikali ilifanya kwa njia nyepesi, ikaanza kuwapa wasichana wa sekondari hela ya baiskeli, na walioandikishwa shule wakaongezeka.

Boda Isevya: Sasa halmashauri si zina ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao? Wakope huko.

Mwana Ipuli: Ile ni ya vikundi vya akina mama, vijana na wenye ulemavu, tena mna mradi. Ukiandika mradi wetu ni kufika kazini watakuelewa? Mi naona wenye maduka ya baiskeli waige kwa wenye simu, buku kwa siku, basi.

Fundi Keria: Nilishakopesha moja hivyo. Jamaa kalipa mwanzo vizuri, siku ya siku nasikia kahamia Kaliua nayo. Simu inajifunga, pikipiki ina kadi, baiskeli utaifungia wapi?

Mama Nyanya: Watu watano wadhaminiane kama kwenye vikoba, mmoja akikimbia wanne wanalipa. Mimi najiandikisha wa kwanza.

Boda Isevya: Haya tafuta hao wanne mama, wakikukimbia sisi tupo, buku tu.