Mdogo wangu afanye kazi bure Marekani ili siku zake 90 zisiishe?

Mwenye swali, Katuba
Wakubwa na wadogo wa Lubumbashi, hodi. Mdogo wangu amemaliza shahada ya usanifu wa grafiki Marekani. Ana ile ruhusa ya OPT: miezi 12 ya kufanya kazi ya fani aliyosomea. Ndani yake haruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90, na zinajumlishwa, wiki hii na ile. Amekwisha kula 61. Sasa studio moja ndogo inamwambia aje miezi 3, mshahara hakuna, atapata uzoefu. Papa anasema akubali. Mimi nakataa. Tangu Jumapili tunasalimiana tu. Ninyi mnaonaje?

Fundi mabango, Kamalondo
Akubali. Nani kati yetu alilipwa kwenye staji, yaani mafunzo ya kazini? Mimi nilifagia karakana miezi 8 na kuosha fremu za kuchapia fulana kabla ya kuruhusiwa kushika rangi. Leo wateja wananifuata mimi.

Mama wa Ruashi
Baba, wewe ulikuwa unarudi kula kwa mama yako. Huyu mtoto pango atalilipa na nini? Mtalipa ninyi wa Katuba. Basi hiyo kazi si ya bure: ni familia yenu inayomwekea tajiri mfanyakazi.

Fundi mabango, Kamalondo
Mama, siku zikiisha amepoteza ruhusa yote. Hapo mtakuwa mmelipia nini?

Niliyerudi 2022
Nimepita njia hiyo, naomba nieleze kidogo. Ni kweli, katika OPT ya kawaida kazi isiyo na mshahara inaweza kusimamisha hesabu, ikiwa ni ya fani yake na inafika saa 20 kwa wiki. Lakini isivunje sheria za kazi, na kampuni ya biashara haina ruhusa ya kumfanya mtu mfanyakazi wake halafu isimlipe. Kujitolea kwenye shirika lisilotafuta faida kuna hatari ndogo zaidi. Na watu wa grafiki wanasahau mlango mwingine: kazi fupi fupi za wateja mbalimbali nazo zinahesabiwa, mradi zifikishe hizo saa 20 na awe na mikataba ya kuonyesha. Menyu ya mgahawa, nembo ya saluni, bango la kanisa. Kila kazi mpya aiandikishe ndani ya siku 10.
Asihesabu pia ile miezi 24 ya nyongeza. Hiyo ni ya fani za sayansi na teknolojia, grafiki haimo. Mimi niliambiwa na rafiki kwamba imo, nikamwamini. Aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, asiulize marafiki. Wala sisi.

Dada wa Kenya (ya hapa mjini, si ya Nairobi)
Mimi nilisoma Ufaransa. Kule staji ikizidi miezi 2 ni lazima ilipwe, lakini lazima uwe bado umeandikishwa chuoni. Ukishamaliza masomo, basi. Kwa hiyo walio bado darasani watafute staji sasa.
Jambo lingine, ndugu yangu: muulize potifolio yake, ule mkusanyo wa kazi anaoonyesha waajiri, ina nini. Yangu ilijaa nembo za manukato yasiyokuwepo duniani, hakuna aliyeniita. Nikaweka vitabu vya ibada ya mazishi nilivyopanga hapa kwa shangazi, pamoja na michoro ya kwanza aliyoikataa na sababu zake. Mahojiano ya kwanza tuliongea kuhusu shangazi nusu saa.

Fundi mabango, Kamalondo
Sawa, ya mikataba nimeielewa. Ila kijana anayeogopa kufagia bado simwamini.

Mwenye swali, Katuba
Asanteni. Nilimsomea Papa yote. Akauliza jambo moja: hizo kazi atakazochora, studio itaziuza? Mdogo wangu akawauliza. Wakajibu ndiyo, ni za wateja wao. Papa alikaa kimya, halafu akaomba simu aongee naye mwenyewe, nje, peke yake. Mwenye saluni mmoja kule amekwisha kumtumia mdogo wangu mkataba, saa 8 kwa wiki. Bado 12. Leo ni siku ya 64.