Shemeji anapitishiwa maji ya chumvi kifuani, naombeni ushauri

Gogo la Shamba: Wakuu, shemeji kalazwa hospitali ya mkoa, usaha umejaa kati ya pafu na mbavu. Wamemtoboa ubavuni, mpira unamwaga kwenye chupa, sindano za antibayotiki anachomwa. Sasa daktari anapitisha dripu ya chumvi kwenye mpira huohuo, eti kusafisha. Hayawezi kumzamisha? Nimechanganyikiwa.

Mama Wawili: Pole. Marehemu baba alitolewa usaha hivyohivyo, akapona, akaja kuwazika waliokwisha kumwekea turubai. Vijana acheni sigara.

Kiroboto: Chumvi ya Uvinza au ya baharini? 😂

Tabibu Kando: Hayaingii ndani ya pafu, yanaosha uwazi unaolizunguka ili usaha mzito utoke. Uingereza waliwajaribu wagonjwa 35, matokeo yakatoka 2015: mililita 250, mara tatu kwa siku, siku tatu. Usaha ulipungua kuliko kwa wenye mpira peke yake, na waliopelekwa kwa mpasuaji walikuwa wachache. Utafiti mdogo, ila dripu ni bei rahisi. Kuna kitu umekiona?

Gogo la Shamba: Hamna. Ila nishaongea na dereva wa Noah, kesho tunampeleka kwa mzee mmoja kijijini. Kianzio nimetoa.

Mama Wawili: Na mpira ubavuni?! Muogopeni Mungu.

Tabibu Kando: Jibu nilichouliza.

Gogo la Shamba: Basi. Maji yakiingia anakohoa sana, anasema anasikia chumvi mdomoni. Nesi sijamwambia, wataanza vipimo vipya na ruhusa tutaikosa. Msinihukumu, bili mnalipa nyie?

Tabibu Kando: Huenda pafu lina tundu, maji yanapita humo. Yafungwe sasa hivi, mwite nesi. Chupa inatoa mapovu?

Mpiga Debe: Chai hii, tangawizi imezidi. Mwezi jana huyuhuyu alileta baba mkwe mwenye figo, na Noah ilikuwemo.

Kiroboto: Nimefukunyua, kweli ipo 😂😂

Gogo la Shamba: Ukoo unaugua, nifanyeje?

Mama Wawili: Shemeji yupi kwanza, mume wa dada au mdogo wa mke?

Tabibu Kando: Chai au si chai, mapovu yapo?

Gogo la Shamba: Mdogo wa mke. Yapo, akikohoa yanazidi. Nesi kafunga maji, kaenda kumwita daktari. Dereva naye anasema kianzio hakirudi.

Mpiga Debe: Dereva yuleyule wa baba mkwe?