Mtoto kaamka anapiga chafya: aende shule au abaki?

Kutoka: Mama wa Sinza

Habarini wandugu. Tulihamia Dar Januari kutoka Nakuru na bado nauzoea mji. Juzi kijana wangu wa darasa la pili aliamka anapiga chafya, makamasi yanachuruzika, lakini chai alikunywa na chapati akamaliza. Nikamwandikia mwalimu wa darasa: "Mtoto ana homa kidogo, nimempa dawa, anakuja." Saa tatu haijafika napigiwa simu, nimfuate haraka, na asirudi mpaka apimwe malaria. Nilimkuta ameketi peke yake kwenye benchi nje ya ofisi, ulimi mwekundu kwa ubuyu, ananiuliza kama leo ni sikukuu. Nusu siku ya kazi imepotea. Kwani hapa mtoto akipiga chafya tu habaki darasani? Nyinyi mnaamuaje?

Kutoka: Baba wa watatu, Tegeta

Dada, pole na karibu. Kilichokuponza ni neno. Kwetu Kenya homa ni mafua. Huku Tanzania homa ni mwili kuchemka, na mwili ukichemka Dar, tena masika yanaanza hivi, wa kwanza kushukiwa ni mbu. Mwalimu alisoma kwamba mtoto ana malaria, mama kampoza na Panadol, kamtupia shule. Ningekuwa yeye ningekupigia pia. Siku nyingine andika "ana mafua, hana homa."

Mafua matupu, mtoto anakula na anagombana na dada yake, wangu huenda na leso mbili mfukoni. Ukisubiri makamasi yakauke, muhula utaisha.

Joto ndilo sichezi nalo. Zamani nilikuwa napima kwa kiganja, na kiganja cha mtu anayechelewa kazini hakijawahi kuona homa. Gari la shule linapita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwaka fulani nilimpa binti dawa saa kumi na moja, akapoa, akapanda. Dawa ile inashusha joto kwa saa nne hadi sita hivi, kwa hiyo saa nne asubuhi ilikuwa imekwisha nguvu, akatapika juu ya daftari la hisabati la mwenzake. Daftari nililipa. Tangu hapo kipimajoto kiko kwenye droo ya vijiko. Kikisoma 38 habari imekwisha, anabaki, na harudi mpaka apitishe saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha.

Akibaki na homa, usikae naye ukimtazama. Mpeleke siku hiyo hiyo akatobolewe kidole, kipimo cha haraka cha malaria hakimalizi nusu saa. Malaria haimrukii jirani wa dawati, kwa hiyo anabaki kwa sababu anaumwa, wala si kwa ajili ya kuwakinga wenzake. Ikionekana, atapewa dawa ya mseto, asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, na amalize dozi hata kama siku ya pili anaruka kamba. Isipoonekana, usinunue mseto "kwa usalama." Mji huu una dengi pia, homa nyingine inayoletwa na mbu, ililipuka 2014 na tena 2019, na kwa homa ya namna hiyo usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Panadol kwa kipimo cha uzito wake, maji mengi, na daktari amwone.

Kutoka: Mama wa Mbezi

Naongeza la matumbo, maana Baba wa watatu kalikwepa. Akitapika au kuharisha, hesabu saa 24 tangu mara ya mwisho, na shule nyingine zinataka 48. Soma karatasi mliyosaini siku ya kuandikisha, imo humo. ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji, kidogo kidogo kwa kijiko, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, usiviache kwa kuwa choo kimekaza. Tetekuwanga ni mpaka malengelenge yote yapige magamba, hata kama mtoto mwenyewe amechoka kukaa. Macho mekundu yenye tongotongo zinazogandisha kope, abaki. Mwanzoni mwa 2024 nyumba yetu nzima tulivaa miwani ya jua sebuleni kama wasanii.

Na kuna siku shule haiulizwi kabisa: degedege, anahema haraka huku mbavu zinaingia ndani, hanywi kitu, au analegea hata kumwamsha ni kazi. Hapo ni hospitali, hata iwe saa nane za usiku. Usisubiri gari la bosi, ita bajaji.

Kuhusu kazi, tafuta mtu kabla hujamhitaji. Mimi niliongea na bibi wa nyumba ya pili mtoto akiwa mzima, nikamwonyesha dawa zinapokaa na namba ya baba yake. Ukienda kuomba msaada saa kumi na moja alfajiri na mtoto begani, utapata pole tu.

Kutoka: Mama wa Sinza

Asanteni. Nimenunua kipimajoto jana Kariakoo. Leo asubuhi kimesoma 36.8, makamasi bado yapo. Nimeandika: "Ana mafua, hana homa, nimempima." Mwalimu kajibu: "Sawa mama, aje na sweta."

Sweta, na joto hili la Machi. Nimeiweka kwenye begi.