Mhadhara wa umma: rekodi inasikika kwa mbali, maswali hayasikiki kabisa

Katibu_Mijadala:
Wakuu, habari za saa hizi. Idara yetu inaandaa mhadhara wa umma kila mwezi: siasa, historia, sayansi. Ukumbi una viti 250 hivi, sakafu ya vigae, vioo upande mmoja, mapangaboi juu. Vifaa vilivyopo ni mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya njia 8, spika mbili na maiki mbili za mkono zisizo na waya. Tunarekodi kwa simu iliyofungwa kwenye stendi nyuma ya ukumbi. Mzungumzaji anasikika kama yuko ndani ya pipa, na wanaouliza maswali ndio hawasikiki kabisa. Tunataka video iende YouTube, na sauti tupu igawiwe WhatsApp kwa wenye bando dogo. Tuanzie wapi bila kununua studio nzima?

fundi_mikisa:
Mkuu, simu haina kosa, tatizo ni pale ilipowekwa. Nyuma ya ukumbi wa vigae na vioo, sauti inayorudi kutoka ukutani inaizidi ile inayotoka kinywani, na hakuna programu itakayozitenganisha vizuri baadaye. Picha ibaki nyuma, sauti ichukuliwe kwenye mikisa.

Tafuteni kinasa sauti kidogo chenye tundu la LINE, yaani la kupokea sauti yenye nguvu kutoka kwenye mashine, tofauti na MIC la maiki. Waya utoke AUX ya mikisa (tundu la ziada la kutolea sauti), na AUX hiyo iwekwe PRE, yaani ichukue sauti kabla ya vidhibiti vya spika. Mkichukua sauti kwenye tundu kuu, kila spika za ukumbi zikipunguzwa na rekodi nayo inashuka. Kwenye kinasa chagueni LINE, si MIC, la sivyo sauti itapasuka hata geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) ikiwa chini kabisa. Wakati wa kupima, msikubali "helo, moja, mbili". Mgeni asome aya nzima kwa sauti yake ya jukwaani, vilele vya sauti vifike kama -12 dB kwenye kipimo cha kinasa. Mada ikimkolea atapandisha tu, na hapo nafasi bado ipo.

Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la 48 kHz, biti 24, stirio, inakula takriban GB 1 kwa saa. Kinasa kiendeshwe kwa betri hata umeme ukiwepo: ukikatika ghafla wakati kinategemea soketi, faili linabaki halijafungwa na mara nyingi halifunguki. Mkichomeka laptop ya kuonyeshea slaidi kwenye mikisa hiyo hiyo na mngurumo ukaanza, chomoeni chaja yake kwanza kabla ya kulaumu waya.

Mkijaliwa maiki ya kubana nguoni, ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Mwombeni mgeni avue kitambulisho cha shingoni. Ile plastiki hugonga maiki kila anapogeukia slaidi, na huwezi kuifuta bila kukata maneno. Aliyejifunga mtandio, maiki ibanwe juu ya kitambaa. Ikiwa chini yake, mkwaruzo utasikika mhadhara mzima.

Bi_Mwenyekiti:
Mitambo imeelezwa, ila maswali ni kazi ya mwenyekiti zaidi kuliko ya fundi. Acheni kukimbiza maiki viti hadi viti. Muulizaji huanza kusema kabla haijamfikia, na wasikilizaji wa nyumbani wanakosa mwanzo wa swali. Maiki moja iwekwe kwenye stendi katikati ya ukumbi, mbali na spika, watu wapange foleni. Njia yake kwenye mikisa izimwe mpaka mtu afike. Ikiachwa wazi ndiyo inayopiga mluzi. Hata hivyo mwenyekiti arudie kila swali kwa sentensi moja. Anayejibu naye anapata sekunde za kufikiri.

Halafu itifaki. Kila anayeinuka akianza "Mheshimiwa mgeni rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo…" mnapoteza dakika kumi kabla ya hoja ya kwanza. Mwenyekiti aizingatie mara moja kwa niaba ya wote, basi. Kwa saa mbili: dakika 5 za ufunguzi, 40 za mhadhara, 15 za mjibu hoja mmoja (mmoja, si watatu!), saa nzima iliyobaki iwe ya ukumbi. Swali moja, jibu moja. Ukikusanya matatu kwa pamoja, mgeni atachagua lililo rahisi.

Mwana_Kisauni:
Hapo kwa swali moja moja nakupinga kidogo dada. Kwenye mada za siasa ukumbi ukijaa, mawili mawili yanapunguza malumbano kati ya mtu mmoja na mgeni. Ila matatu hapana.

Kusafisha: Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, inatosha. Kata sauti nzito zilizo chini ya 80 Hz kuondoa mvumo wa mapangaboi, kisha punguza kelele kwa 6 dB tu. Ukizidisha, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea majini. Sauti ya WhatsApp itoe mono (njia moja badala ya mbili), MP3 ya kbps 64: ni kama MB 29 kwa saa. Itume kama hati, si kama ujumbe wa sauti, ili ifike ilivyo.

Andikeni na maandishi yake pia. Msomi wa siasa Ali Mazrui wa Mombasa alitoa mihadhara sita ya Reith, mfululizo wa redio wa BBC, mwaka 1979, na mpaka leo unaweza kuisikiliza au kuisoma. Mtafiti anayetaka kunukuu hawezi kukaa anarudisha sauti nyuma kila mara.

Katibu_Mijadala:
Asanteni sana wakuu. Ruhusa je? Mgeni mmoja amesema hotuba yake isiwekwe mtandaoni.

Bi_Mwenyekiti:
Basi isiwekwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa Tanzania Bara, inautaja mhadhara kati ya kazi zinazolindwa, na Zanzibar ina sheria yake. Tumeni fomu ya ukurasa mmoja pamoja na barua ya mwaliko, yenye visanduku vitatu: video, sauti, maandishi. Wengine hukataa video wakaruhusu sauti. Na kibao kiwekwe mlangoni kuwa mkutano unarekodiwa, maana muulizaji naye ana haki ya kujua kabla hajashika maiki.