Mtu anayesimamisha filamu penye nondo ahukumiwe kwa sheria ipi?

Wakuu, salaam.

Naandika mikono ikitetemeka, na kama kuna herufi zilizokosewa, lawama zimwendee yule mnayemjua. Simtaji. Kila aliyewahi kuketi naye mbele ya runinga anayo makovu yake.

Jana usiku tulikuwa tukitazama Hocus Pocus, ile filamu ya dada watatu wachawi ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Kenny Ortega, pamoja na watoto ambao hawakuwahi kuiona. Kwa zaidi ya saa moja mambo yalikwenda vizuri: Bette Midler, ndiye mchawi Winifred, anafoka, dada zake wawili wanamfuata kama vifaranga, watoto wanacheka hadi wanasahau kutafuna. Ikafika pale Billy, maiti ambaye Winifred alimshona mdomo ili asitoe siri hata kaburini, anapochukua kisu na kuzikata nyuzi. Mpwa wangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja, jicho moja likichungulia kati ya vidole. Mdomo ukafunguka, vumbi likatoka, nondo wakaanza kuruka. Hapo hapo, nondo mmoja akiwa bado mdomoni, yule mtu akabonyeza rimoti, akaisimamisha picha, akakohoa kikohozi cha mwenyekiti wa mkutano, kisha akatamka: "Wanangu, msiogope, hao nondo ni kompyuta."

Kompyuta!

Doug Jones, aliyeigiza Billy, aliwaweka nondo hai kinywani mwake. Tony Gardner, fundi wa sura za bandia, alimtengenezea kizuizi cha mpira ndani ya kinywa ili wadudu wale wasiteremke kooni. Mtu mzima amekubali kinywa chake kiwe banda la wadudu kwa ajili ya kicheko cha sekunde chache, halafu anakuja mwingine, aliyeegemea mto wangu, anampa sifa hiyo kompyuta. Wachawi wale walisubiri miaka 300 kurudi Salem. Mimi nilisubiri zaidi ya hapo picha ianze kusogea tena, maana alikuwa akitoa mhadhara na rimoti ameikalia.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Binx, kijana aliyegeuzwa paka na wachawi, ambaye kinywa chake ndicho hasa kilichochezeshwa kwa kompyuta ili aonekane anazungumza, alimsifia kwa "mafunzo mazuri". Paka anaongea sentensi nzima, yeye anamsifu mfugaji! Akifika kwa nondo, walio hai kabisa, ndipo anapokumbuka kuwa duniani kuna kompyuta.

Sihitaji ushauri. Nahitaji mnisaidie kukasirika.

JichoLaPembeni: Mleta uzi, nimeingia haraka nikidhani umeshusha nondo za hoja, kumbe ni nondo wa kweli. Nimezisoma aya zote na bado sijaona hoja hata moja.

Bi Mkubwa wa Sofa: Pole sana, ndugu yangu. Huyo ninamfahamu vizuri. Kwangu alitangaza kwamba Binx atakufa mwishoni, wakati paka mwenyewe hata hajaanza kuongea. Mwanangu alilia kuanzia dakika ya 15 hadi majina ya waigizaji yakaisha kupita.

Kalamu Nyekundu: Mnalilia rimoti huku dhuluma halisi mmeinyamazia. Filamu ya Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba, ilitolewa tarehe 16 Julai! Katikati ya kiangazi cha Marekani, siku moja na filamu ya Free Willy, huku Jurassic Park ikiwa bado inajaza majumba ya sinema tangu Juni. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 28, na huko Marekani ikaingiza kama milioni 39 tu katika mzunguko wake wa kwanza. Ukitoa mgawo wa wenye majumba ya sinema, hiyo ni hasara. Aliyepanga tarehe ile ndiye wa kufunguliwa uzi.

JichoLaPembeni: Julai haikuwa na kosa. Mhakiki wa filamu Roger Ebert aliipa nyota moja kati ya nne, naye hakuwa na kalenda mkononi.

Kalamu Nyekundu: Iliokolewa na nini, basi, kama si kalenda? Runinga zilipoanza kuirudia kila Oktoba, watoto wakaikariri, na mwaka 2020 ikarudishwa kwenye majumba ya sinema, watu wakalipa kuona kitu walichokijua kwa moyo.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye nondo. Alikuwa nusu ndani, nusu nje ya mdomo. Bawa moja lilikuwa limeshafunguka. Nililitazama hadi nikaweza kuhesabu mistari yake.

Bi Mkubwa wa Sofa: Kwa hiyo usingesimamishiwa picha usingeuona huo ufundi wote. Mshukuru.

Kijana wa Mkanda: Mimi hasira zangu ni kwa huyo Binx. Leo ndipo nimegundua kwamba kijana anayeonekana ni Sean Murray, lakini sauti, hata ile anayoitoa akiwa mtu, ni ya Jason Marsden. Miaka yote hii nimempenda kijana ambaye ni nusu ya huyu na nusu ya yule.

Kalamu Nyekundu: Wewe angalau ulimpata nusu. Katika sehemu ya pili ya mwaka 2022 hayupo kabisa, na nilikaa hadi mwisho nikimsubiri.

Kijana wa Mkanda: Si kuna paka mweusi anaonekana baada ya majina?

Kalamu Nyekundu: Huyo ni Cobweb, paka wa dukani. Asitajwe mbele yangu.

Bi Mkubwa wa Sofa: Cobweb ana kosa gani? Fungua uzi wake, tuje.