Tupeane uzoefu: upungufu wa vitamini B12 na damu kuganda mguuni

Mama Tatu: Wadau, leo nimemwona jirani, mguu mmoja umevimba, watu wanamwambia ni uchovu. Nimeshtuka. Waliopitia damu kuganda semeni.

Binti wa Tanga: Mama yangu ana kisukari, anameza metformini, dawa ya sukari, miaka mingi. Miguu ilikufa ganzi, kila mtu akasema ni sukari. Ulimi ukawa mwekundu, laini, akaanza kusahau. Baadaye akaanguka, nyonga ikauma, akawa mtu wa kulala tu. Shavu la mguu wa kushoto likavimba, la moto. Usiku wa manane akanishika mkono: "Mwanangu, hewa haiingii." Tulimpakia kwenye bajaji anahema kama amekimbizwa, midomo imebadilika rangi. Nilidhani anafia mapajani mwangu! Bonge la damu lilitoka mguuni likapanda mapafuni. Akawekewa oksijeni, akachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Kupima, B12 iko chini kabisa, maana metformini ya muda mrefu huweza kuishusha. Daktari akasema B12 ikipungua, homosisteini, kemikali ya mwilini, hupanda kwenye damu, na hiyo inahusishwa na damu kuganda. Kulala muda mrefu nako kulichangia.

Wa Ubungo: Pole sana dada. Hata kwetu, ganzi yoyote ni "sukari hiyo".

Mzee wa Shamba: Mpeni kisamvu na mchicha, B12 itajaa.

Nesi Mstaafu: Hapana baba. Mboga za majani hazina B12. Iko kwenye maini, samaki, mayai, maziwa. Na kama mama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, msimjazie kisamvu ghafla, vitamini K yake inapunguza nguvu ya dawa. Ale kiasi kilekile siku zote, apime INR, kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda.

Mzee wa Shamba: Bibi yangu kala kisamvu maisha yake yote!

Nesi Mstaafu: Bibi yako alikuwa anameza wafarini?

Wa Ubungo: Basi ninunue vidonge vya vitamini B nijikinge?

Nesi Mstaafu: Vinashusha homosisteini, ila tafiti hazijaonyesha vinazuia damu kuganda. Aliyepungukiwa atibiwe. Mama Tatu, jirani asichuliwe huo mguu, aende hospitali leo hii.

Mama Tatu: Tumeshampakia, tuko njiani.

Kaka wa Moro: Mzee wangu naye yuko kwenye metformini, kliniki ijayo naomba apimwe B12. Dada, mama anachomwa sindano za B12 kila lini?

Binti wa Tanga: Mwanzo siku moja baada ya nyingine, sasa kila miezi 2.